Fupi, Ndefu na Swali la Pembeni

Zahanati, mlimani
3 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Pokea salamu zangu zote, za mdomoni na za moyoni, na kama umekonda basi nusu yake igeuke chakula. Mimi ni mzima isipokuwa miguu, na miguu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tangu mwezi uliopita zahanati haina pikipiki. Sikukwambia mapema kwa sababu hasira zilikuwa hazijapoa. Yule dereva wetu, aliyekuwa akinipeleka vijiji vya juu kupima wajawazito na kuchanja watoto, alianguka akiwa na boksi la chanjo. Siku hiyo sikuwa nyuma yake, namshukuru Mungu. Pikipiki ilijikunja kwenye mti na chanjo zote zikamwagika mtaroni. Tukadhani ni utelezi. Kumbe bwana mkubwa ana ugonjwa wa kuanguka, ule wa povu mdomoni, anao miaka mingi na amejinyamazia! Wajawazito amewapakia, mimi mwenyewe amenipakia, na siri ameibana kwapani. Ripoti niliiandika kwa mkono wangu, tena kwa wino mwekundu, na wiki haikuisha kabla hajafukuzwa. Mtu mwenye kitu kama kile anayethubutu kushika usukani, mimi naona akae ndani na mlango ufungwe kwa nje. Sina huruma naye hata chembe.

Haya, yamepita. Ofisi kubwa imesema tutapata nyingine labda mwakani, na "labda" ya ofisi unaijua. Nimeamua kununua yangu. Akiba yangu inatosha pikipiki moja ya kawaida, ya mtu wa kazi, si ya kuringia. Tabibu wetu ameniambia kwamba pale mjini kwenu, duka lililo karibu na kituo cha mabasi lina aina mbili ambazo bei zake hazipishani. Wewe ndiye fundi, unazifungua na kuzifunga kila siku. Nenda kaziangalie. Ziendeshe zote mbili wewe mwenyewe, usiniletee maneno ya muuzaji. Niambie ipi inakunywa mafuta kidogo, ipi itaupanda mlima huu, ipi spea zake zinapatikana, na ipi nitaifikia, maana urefu wangu unaujua.

Shule zikifungwa Aprili uje nayo huku mwenyewe, na Chiriku umpakie nyuma. Mwanangu ameniandikia kwamba amechoshwa na basi, anataka kuja na mjomba wake kwa pikipiki. Tangu baba yake atutoke, wewe ndiye mjomba na wewe ndiye baba. Nimekubali kwa sababu ni wewe. Angekuwa mtu mwingine nisingekubali.

Simu hapa bado ni ya kuangalia saa tu. Barua mpe dereva wa lori la dawa, hupandisha kila wiki.

Dada yako


Gereji, mjini
12 Februari

Dada yangu mpendwa,

Sijakonda. Barua nimeipata na nimeisoma mara tatu: ya kwanza kwa mapenzi, ya pili kwa kubahatisha, na ya tatu nikaipeleka duka la dawa wanisaidie, maana wao wamezoea mwandiko wa manesi. I yako na U yako ni mapacha, dada, hata mama yao hawezi kuwatofautisha. Ulipoandika "miguu" mimi nilisoma "mugiu", nikadhani umepata ugonjwa mpya nikaanza kulia.

Poleni na habari za dereva. Hapo sina la kusema.

Sasa kazi. Nimekwenda dukani na pikipiki zote mbili nimezikagua. Nimezipa majina tusije tukachanganyana: moja Fupi, nyingine Ndefu.

Fupi ni nyekundu, injini ndogo, gia nne. Ukiikalia unakanyaga chini kwa miguu yote miwili bila kujivuta, hata wewe, samahani. Mafuta haiyanywi, inayanusa tu. Plagi, cheni, breki, kila kitu chake kinauzwa mpaka kwenye maduka ya sabuni. Ubaya wake ni mlima. Ukipakia mtu na boksi, kwenye mwinuko mkali italalamika, itabidi uirudishe gia ya kwanza na uwe na moyo wa subira. Tena ni ya kiki. Asubuhi ya baridi utaipiga teke mpaka mtukanane.

Ndefu ni nyeusi, injini imeizidi Fupi kidogo, gia tano, na inawaka kwa kubonyeza kitufe. Mlima inaupanda huku inapiga mluzi. Kiti kirefu, kinabeba mtu na boksi na bado pana nafasi ya umbea. Lakini inakunywa, na kiti kiko juu. Wewe utakanyaga kwa ncha za vidole kama mtoto anayechungulia dirishani. Spea zake mpaka ziagizwe.

Nimeziendesha zote mbili hadi kilima cha tangi la maji na kurudi. Wanasema Fupi ukiikimbiza inatetemesha mikono, na Ndefu ukiikaba breki ghafla inavuta kulia kidogo. Moyo wangu uko kwa Ndefu. Ile ni pikipiki, dada, ukiisikia ikibadili gia unaweza kusahau njaa.

Nimeungua mkono kidogo kwenye bomba la moshi, ndiyo sababu leo na mimi naandika kwa mwandiko wa ukoo. Si kitu.

Chiriku nilimwona Jumapili ya kutembelewa. Habari za pikipiki ameshalitangazia darasa zima, na mpishi wa shule anajua.

Mdogo wako,
Fundi


Zahanati
20 Februari

Fundi wangu,

Nimecheka mpaka mgonjwa wa kichwa akaomba nimwonee huruma. Lakini nijibu: fundi gani anaunguzwa na bomba la moshi? Hiyo ni ajali ya wanafunzi. Osha kwa maji safi, usipake dawa ya meno, na malengelenge usiyatumbue. Nakujua una mikono isiyotulia.

Barua yako nimemsomea tabibu na tumebishana chai nzima. Yeye yuko upande wa Fupi kwa sababu ya mafuta. Mimi nimeanza kuiegemea Ndefu. Wewe umeipenda, na wewe ndiye uliyeikalia. Kama umesema inapanda, basi inapanda. Urefu tutautafutia viatu.

Yule dereva wetu wa zamani nilimwona jana kwenye foleni ya bomba. Watu wamemwachia nafasi mbele na nyuma, kila mmoja kashika ndoo yake kana kwamba ugonjwa unaruka. Alinisalimia vizuri tu. Mimi nikajitia natafuta kitu kwenye mkoba mpaka akapita. Ya nini kuzoeana naye?

Chiriku avae koti zito na kofia ngumu, na asiachie mikono hata akililia. Barabara unaijua: zile kona za korongoni hazina ukingo, na mwaka jana lori lilitumbukia pale likiwa na mtu mzoefu. Nenda polepole. Ukifika huku umechelewa nitakusifu.

Lori linapiga honi, naishia hapa.

Dada yako

(Pembeni:) Nilisahau la maana! Nataka jibu la kweli, usinifiche, maana kuna maneno nimeyasikia kwa tabibu, naye kayapata kwa mtu wa huko huko mjini. Inaanguka? Wanasema inaanguka hata ikiwa imesimama tu. Kama ni kweli niambie mapema, kabla mwanangu hajapanda.


Mjini
1 Machi

Dada,

Nilianza kukuandikia habari za matairi, nikaichana. Nikaanza na habari za tangi, nayo nikaichana. Nimefika mahali sina tena kipande cha pikipiki cha kujificha nyuma yake.

Umeniandikia pembeni: "Unaanguka? Wanasema unaanguka hata ukiwa umesimama tu." Ndiyo, dada. Naanguka.

Sijui nani wa gereji kakupelekea habari, na simlaumu. Wamesema kweli, huwa nimesimama tu. Nimeshika spana, nasikia harufu kama ya waya unaoungua ambayo wenzangu hawaisikii, halafu naona nyuso zimeniinamia na suruali yangu imelowa. Hilo la suruali linaniumiza kuliko kuanguka kwenyewe. Mtu mzima mimi! Wananiletea ovaroli nyingine kimya kimya, hakuna anayecheka. Heri wangecheka.

Ilianza mwaka jana baada ya mvua kubwa. Nilisema ni njaa. Nikasema ni joto la injini, nikasema ni malaria. Mwenye gereji alipoona inarudi alinikataza kuendesha pikipiki ya mteja hata kuivusha barabara, na sijaendesha tangu hapo. Kwa hiyo Fupi na Ndefu sikuziendesha. Nilimwomba mwenzangu mnene, yule anayechomelea, akazipandisha kilima cha tangi la maji. Mimi nilisimama kando ya barabara nikisikiliza mlio, na kila akirudi nilimuuliza maswali kama hakimu: imetetemeka? imevuta? Majibu yake nikayaandika kama yangu. Alipomaliza na Ndefu, akaiacha inanguruma, nikaanguka pale pale juu ya bomba la moshi. Ndivyo mkono ulivyoungua.

Lakini hiyo siyo aibu ninayokuandikia. Aibu ni kwamba ningekuja.

Nilishapanga kila kitu. Nilijiambia kwamba hali hii huwa hainijii asubuhi, basi tutaondoka alfajiri. Nilinunua mkanda mpana wa turubai nimfunge Chiriku mgongoni kwangu asichomoke kwenye kona. Naomba uielewe vizuri akili yangu ilipofika: nilitaka kumfunga mtoto kwenye mwili wa mtu anayeanguka, na nilijiona mwangalifu. Nilisimama dukani nikauvuta ule mkanda kupima kama ni imara.

Ningempitisha mwanao kwenye zile kona ili tu usijue. Barua yako ya kwanza, pale uliposema mtu kama yule akae ndani na mlango ufungwe kwa nje, niliisoma nimesimama, ikabidi nikae. Niliona heri nife kuliko kuandikwa na wewe kwa wino mwekundu. Na sikuwa nakwenda kufa peke yangu.

Sasa umejua. Uso wangu sijui nitauweka wapi. Nyumbani usimwambie mtu. Kama hutaniandikia tena nitaelewa, wala sitauliza sababu.

Mimi


Zahanati
9 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka na nimelia, vyote ndani ya chumba cha sindano, mlango umefungwa na wagonjwa wananisubiri nje.

Nilikuuliza habari za pikipiki.

Niliandika INAanguka. I, si U. Tabibu alisikia kwamba ile Ndefu stendi yake ya pembeni ina kasoro, ukiiegesha inalala yenyewe, nami nikaogopa isije ikamlalia Chiriku mkipumzika njiani. Basi, hakuna zaidi. Hakuna mtu aliyeniletea neno lolote juu yako. Wenzako wa gereji wamekufunika wote. Ungenijibu "stendi mbovu" ningeridhika kabisa, na Aprili ningesimama barabarani kuwapungia mkono.

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyotangulia. Nilikuchukia. Kwa kitambo fulani nilikuchukia, na wewe ni mtu niliyekubeba mgongoni. Niliinuka, nikazunguka zahanati, nikarudi, nikausoma tena ule mkanda wa turubai. Usidhani nitausahau upesi. Hata tukizeeka, siku nyingine nitakutazama tu ghafla, nawe utajua ninawaza nini.

Baada ya hasira nimeona haya, na haya hizi ni zangu mwenyewe. Mimi ni nesi. Vidonge vya ugonjwa huo vimo kabatini nyuma ya kiti ninachokalia sasa hivi, kopo zima. Dereva yule alipoanguka nilijua papo hapo anaumwa nini, nikachukua kalamu. Kopo sikuligusa. Kuendesha hakupaswa kuendesha, hilo nitalisema mpaka kesho. Lakini sikumwambia hata kwamba dawa ipo. Nilimwandika, nikamkwepa kwenye foleni ya maji, nikaja kukuchekesha wewe kwa habari zake. Na kumbe nilikuwa nakuandika wewe. Ungewezaje kunieleza mtu kama mimi?

Juzi nilikwenda kwake. Nilimkuta mkewe anafua mlangoni, akaniambia mumewe hayupo. Viatu vyake vilikuwa pale kizingitini, na viatu vile navijua, nimevitazama safari nyingi nikiwa nyuma yake. Jana nikarudi, akatoka mwenyewe. Ana kidonda cha moto begani, aliangukia jiko. Akaniuliza, "Sista, umekuja kuniandika tena?" Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, na nimemletea dawa. Alizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaingia ndani. Hakunikaribisha, na sikuona sababu ya kukaribishwa.

Wewe nenda hospitali ya hapo mjini wiki hii. Waeleze yote, mpaka la suruali, wao wameshasikia makubwa zaidi. Vidonge ni kila siku, hata siku unayojiona simba. Pikipiki usiendeshe. Ikishanunuliwa ipakiwe kwenye lori la dawa, na wewe na Chiriku mje kwa basi.

Na Chiriku utamwambia wewe. Usinitume mimi, na usimwambie kwamba pikipiki imeharibika. Mweleze kwa mdomo wako kwa nini hampandi. Akikuogopa, atakuogopa, tutaangalia la kufanya.

Ni mimi, bado dada yako


Gereji
18 Machi

Dada,

Nimekwenda. Daktari ni binti mdogo kuliko mimi, aliniuliza habari za suruali bila hata kuinua macho kwenye karatasi, kana kwamba ananiuliza umri. Nilijibu nikiangalia ukuta. Vidonge vinaniletea usingizi, juzi nilisinzia nimekumbatia kabureta. Tangu nianze sijaanguka, lakini daktari amesema nisifanye sherehe mapema.

Swali lako la kweli nimelijibu sasa. Nilikwenda dukani nikaiegesha Ndefu mbele ya muuzaji. Inaanguka. Si mara zote, lakini mahali penye mteremko kidogo inaondoka taratibu na kulala. Muuzaji akasema ni mimi sijui kuegesha, nikamwambia aegeshe yeye, ikalala tena. Stendi yake ni fupi kuliko inavyotakiwa.

Kwa hiyo chukua Fupi. Niliyoandika mwanzo kuhusu mafuta na spea ni kweli, hayo nayajua kwa mikono yangu. Ya barabarani ni ya mwenzangu mnene, mimi nilisikiliza tu. Na kuna moja sikukwambia. Niliposema moyo wangu uko kwa Ndefu, nilikuwa simfikirii mtu mfupi anayejifunza, anayepanda mlima na boksi la chanjo. Nilikuwa najichagulia mimi. Niliichagua kwa ajili ya kijana niliyekuwa mwaka juzi, na karibu nikununulie wewe pikipiki yake. Fupi itakulalamikia mlimani, lakini ikisimama miguu yako itakuwa chini, na hata ikikuzimikia njiani, duka lolote lina dawa yake.

Sasa nina ombi, na naliomba nikiwa nimeinamisha kichwa. Niruhusu nimwambie Chiriku kwamba pikipiki haijapata namba. Ni uongo mdogo, hauumizi. Jumapili nilikwenda shuleni nikiwa nimeyapanga maneno yote vizuri. Nilifungua mdomo, nikamnunulia soda. Nikafungua tena, nikamnunulia biskuti. Aliniuliza kama leo ni sikukuu. Yule mtoto ananiona mimi ndiye mwanamume hodari kuliko wote, dada, na ni yeye peke yake aliyebaki.

Mdogo wako


Zahanati
25 Machi

Mdogo wangu,

Hapana. Sikuruhusu.

Fupi nimekubali, inunue. Yule dereva wetu wa zamani alipita zahanati leo kuchukua vidonge vyake. Tabibu alimsalimia, mimi hakunisalimia. Mgongo wake ameunyoosha kidogo lakini.

Dada


Mjini
4 Aprili

Dada,

Barua hii inakuja pamoja na Fupi juu ya lori la dawa. Nimeifunga mwenyewe kwa kamba na nimeitandikia magunia ubavuni isichubuke. Usiipande kabla sijafika. Nitakufundisha nikiwa nimesimama chini, na nitapiga kelele kama wewe ulivyonifundisha kusoma.

Nimemwambia.

Ilikuwa jana, siku ya kutembelewa ya mwisho kabla ya kufunga shule. Tulikaa kwenye benchi nje ya jiko la shule. Yeye alikuwa anaongea bila kupumua, habari za mtihani, habari za rafiki yake aliyekatwa nywele. Nikaona nikimsubiri amalize, kengele italia. Nikamkatiza. Nikasema, "Chiriku, hatutakwenda kwa pikipiki. Tutapanda basi. Mjomba wako anaumwa. Naanguka."

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa nasubiri asogee upande wa pili wa benchi, na nilijiapiza kwamba akisogea nitajifanya sijaona.

Akasema, "Najua, mjomba."

Nikamuuliza anajua nini. Akasema, "Siku ile ulipoleta godoro langu. Ulikwenda kunywa maji bombani ukaanguka. Askari wa getini akakuwekea sweta lake chini ya kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi."

Ile siku, dada, ni Januari. Kabla hujaniandikia neno la pikipiki.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia? Mbona hukumwambia mama yako?" Akasema, "Ulipoamka uliangalia huku na huku kama kuna mtu amekuona. Nikajificha."

Ilibidi niulize. Nilimuuliza, kama alikuwa anajua yote hayo, kwa nini alililia pikipiki, kwa nini alilitangazia darasa zima. Akasema aliililia kabla ya kuniona nikianguka, na baadaye hakujua namna ya kuikataa. Anasema zile kelele darasani alipiga ili asijisikie kuogopa. Nikasema, "Kwa hiyo ungepanda?"

"Ningepanda. Naogopa sana, mjomba. Lakini ningekataa, ungejua kwamba najua."

Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo, sikuongeza na sikupunguza. Mtoto wa darasa la sita, dada. Alikuwa amekubali kwenda kwenye zile kona, nyuma yangu, ili mimi nisione aibu. Nililia pale benchini mbele ya mpishi na wazazi wa watu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sikuangalia huku na huku.

Jumamosi tutapanda basi la asubuhi. Tiketi amezishika yeye. Amesema mimi nikae dirishani na yeye akae upande wa njia, ili nikianguka nimwangukie yeye, nisiwaangukie watu.

Mdogo wako